Kuoanisha amplifaya na sabufa kwenye gari kwa bajeti ndogo

Wakuu, hii ni ya wale wenye IST, Vitz, Probox na wenzake, unataka mdundo lakini hela yenyewe ya mawazo. Watu wengi wanapigwa kwa sababu wanaanza kununua amplifaya, wameona boksi limeandikwa wati 3000 basi. Anza na sabufa, amplifaya utaitafuta kufuatana nayo.

Hatua ya 1, isome sabufa. Ile namba kubwa ya max achana nayo, tafuta RMS (wati inazomudu muda wote), na omu (ukinzani wake wa umeme), na ina koili ngapi (ule waya wa ndani unaosukuma spika). Tuseme una mbili za inchi 12, kila moja RMS 250, koili moja ya omu 4, jumla unahitaji wati 500. Kama ni za mtumba na stika imeshabanduka chukua mita ya umeme (multimeter) upime koili, ikisoma kama 3.2 mpaka 3.8 hiyo ni ya omu 4, ikisoma 1.6 mpaka 1.9 ni ya omu 2, isiposoma kitu imeungua, mrudishie mwenyewe.

Hatua ya 2, piga hesabu ya omu, na hapa usikimbie. Ukiunga sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zile omu 4 mbili zinakuwa 2. Ukiunga kwa mfululizo zinajumlishwa zinakuwa 8, na kwa omu 8 amplifaya itatoa nguvu kiduchu. Kwa hiyo sisi tunaenda sambamba, tunatafuta amplifaya ya mono (ya chaneli moja) inayotoa RMS kama 500 kwenye omu 2. Sabufa za koili mbili mbili ndo zinazochanganya watu: mbili za omu 4+4 (kila sabufa ina koili mbili za omu 4) zinakupa omu 1 au omu 4 (au 16, ambayo haina maana), omu 2 huipati hata ufanyeje, na mbili za 2+2 ukiunganisha koili zote sambamba unashuka mpaka 0.5, hapo amplifaya nyingi za bei rahisi zinaingia protekti (zinajizima kujilinda) au zinaungua kabisa. Halafu ukibriji (kuunga chaneli mbili zifanye kazi kama moja) amplifaya ya chaneli mbili au nne, nyingi zinataka omu 4 usishuke chini ya hapo, soma kitabu chake.

Hatua ya 3, amplifaya usiamini stika, angalia fyuzi zake. Jumlisha ampia zidisha kwa 13.8, kama ni klasi D (aina isiyopoteza umeme mwingi) chukua kama robo tatu ya jibu, kama ni klasi AB (inayopoteza zaidi kwa joto) chukua nusu. Ile ya "wati 3000" yenye fyuzi moja ya 30 inakuja kama 310 tu, mkuu. Kwa wati 500 zetu tafuta klasi D yenye fyuzi mbili za 25 au mbili za 30.

Hatua ya 4, waya. Geji 4 ya kopa tupu kutoka betri mpaka kwenye buti, fyuzi iwe karibu na betri isizidi kama sentimita 45, siyo huko nyuma, maana inalinda waya usiwake moto. Zile seti za bei chee nyingi ni alumini iliyopakwa kopa, kwa hiyo panda geji moja nene zaidi. Waya wa hasi uwe mfupi, unene uleule, kwangua rangi ya bodi mpaka chuma kionekane. Taa zikififia besi ikigonga rudi kukagua hizi waya na betri kabla hujauziwa kapasita (kifaa cha kutunza umeme).

Hatua ya 5, geini (kitufe cha kulinganisha amplifaya na redio), ambayo siyo volyumu jamani. Chomoa sabufa, besi busti zima, ikwalaiza weka sifuri, LPF (kichujio kinachopitisha besi tu) kwenye Hz 80, redio ipandishe mpaka robo tatu, piga toni ya Hz 50, mita iweke volti za AC kwenye tundu za spika. Zidisha wati kwa omu halafu tafuta kipeuo cha pili, 500 mara 2 ni 1000, kipeuo chake kama 31.6, hizo ndo volti zako. Panda geini taratibu, ikifika hapo simama, hata kama imebaki nafasi. Rudisha sabufa, usikilize. Besi ikianza kukwaruza au ukanusa harufu ya koili, punguza geini kidogo, na ile robo tatu ya redio ndo mwisho wako, usivuke.