Tanuri la hewa ya moto: kabla ya kulaumu moto, kagua hewa

Nyumba ikianza kupoa huku tanuri linanguruma, wengi hukimbilia kusema gesi ina hitilafu au kiwashio kimekufa. Katika kazi hii ya kutengeneza matanuri, ninachokikuta mara nyingi zaidi ni hewa iliyozibiwa njia. Moto uko sawa, ila joto lake halina pa kwenda, na mtambo unajizima usije ukajiunguza. Ndiyo maana naanza na hewa. Hapa nazungumzia tanuri la gesi linalosukuma hewa ya moto vyumbani kupitia mabomba ya bati. La mafuta au la umeme hutofautiana kwenye uwashaji, lakini upande wa hewa mambo ni yaleyale.

Hatua ya 1: Sikiliza tanuri likiwaka

Kabla hujashika bisibisi, pandisha themostati (kifaa cha kupangia joto la nyumba) nyuzi chache juu ya joto la chumba, kisha nenda usimame karibu na tanuri.

Themostati ikitaka joto hupeleka umeme mdogo wa volti 24 kwenye bodi, yaani saketi inayoongoza tanuri. Bodi haifungui gesi papo hapo. Kwanza inawasha feni ndogo ya kutoa moshi, nawe utasikia mvumo mwembamba. Swichi ya shinikizo ikiridhika kwamba njia ya moshi iko wazi, kiwashio hupewa umeme na kuanza kung'aa chekundu kama koili ya jiko la umeme. Vali ya gesi inafunguka, unasikia "tak", na moto unarukia kichomeo kimoja hadi kingine. Ndani ya sekunde chache kihisi cha moto lazima kithibitishe kwa bodi kwamba moto upo kweli. La sivyo gesi inakatwa. Baada ya nusu dakika hadi dakika moja hivi, kibadilishajoto (chuma kinachopokea joto la moto na kuipasha hewa inayopita nje yake) kikishapata moto, ndipo feni kubwa inapoanza kusukuma hewa vyumbani.

Ukiujua mpangilio huu, kazi kubwa ya kutafuta ugonjwa umeshaimaliza. Feni ndogo inazunguka lakini kiwashio hakiwaki? Tazama njia ya moshi na swichi ya shinikizo. Moto unashika, unazimika baada ya sekunde chache, unajaribu tena, unazimika tena? Kishuku kihisi cha moto. Moto unawaka vizuri kwa dakika kadhaa, kisha unakatika huku feni kubwa ikiendelea kupuliza hewa inayopoa? Hapo swichi ya kuzuia joto la kupita kiasi imekata, na mara nyingi sana chanzo ni hewa.

Matanuri mengi yana taa ndogo kwenye bodi, unaiona kupitia kidirisha cha mlango. Ikipepesa mara kadhaa, ikatulia, ikarudia, inakutajia hitilafu. Maana ya idadi hiyo kwa kawaida imebandikwa upande wa ndani wa mlango. Ihesabu kabla ya kukata umeme, kwa kuwa kwenye bodi nyingine ukikata umeme kumbukumbu inapotea.

Hatua ya 2: Zima

Kuna swichi karibu na tanuri inayofanana na ya taa. Izime. Kubadili filta, hiyo inatosha. Ukikusudia kugusa sehemu ya vichomeo, funga na gesi: kishikio cha vali kikiwa sambamba na bomba, gesi iko wazi, kikikaa kuvuka bomba, imefungwa. Nyuma ya mlango kuna swichi inayokata umeme mlango ukitolewa. Usiibane kwa tepu ili tanuri liwake likiwa wazi. Najua mafundi hufanya hivyo, wewe usifanye.

Ukinusa gesi, habari ya mwongozo huu imekwisha. Usiguse swichi yoyote, toeni watu wote nje, na simu ipigwe mkiwa huko nje.

Hatua ya 3: Filta

Filta hukaa mahali hewa ya nyumbani inaporudi, kabla haijafika kwenye feni kubwa. Ivute nje uielekeze kwenye taa. Kama mwanga haupenyi, hewa nayo inapita kwa taabu. Filta nyembamba ya inchi 1 hubadilishwa kila mwezi 1 hadi 3. Nene ya inchi 4 au 5 inaweza kukaa miezi 6 hadi mwaka. Nyumba yenye mbwa, paka au ujenzi unaoendelea haingoji ratiba hiyo. Filta ya karatasi haioshwi, inatupwa.

Ubavuni pana mshale. Lazima uelekee kwenye feni, yaani upande hewa inakokwenda. Na filta ienee vizuri kwenye nafasi yake, kwa sababu hewa itapenda kupita pembeni penye upenyo, nayo vumbi litaishia kwenye mapanga ya feni.

Kwenye filta nyingi utaona namba ya MERV, kipimo cha uwezo wa filta kunasa vumbi. Namba ikipanda, filta inanasa vumbi dogo zaidi, lakini pia huizuia hewa zaidi, hasa ikiwa nyembamba. Kwa nyumba nyingi 8 hadi 11 inatosha. Namba 13 ni nzuri kama mfumo ulipangwa kuibeba. Mtu anayeweka filta nyembamba ya namba kubwa kwenye tanuri kuukuu, kisha akashangaa linajizima kila dakika chache, amelikaba koo mwenyewe.

Tena si suala la usumbufu tu. Hewa ikipita polepole, kibadilishajoto kinapata moto kuliko kilivyokusudiwa, swichi inakata, kinapoa, kinapata moto tena. Chuma kinachotanuka na kusinyaa hivyo msimu baada ya msimu hatimaye hupasuka, na kibadilishajoto kikipasuka, kwa kawaida hesabu inakuwa ya kununua tanuri jipya.

Hatua ya 4: Matundu na mabomba ya hewa

Zunguka vyumba vyote. Sogeza kochi lililoziba tundu la kurudishia hewa, inua zulia lililofunika la kutolea. Kuna imani kwamba kufunga matundu ya vyumba visivyotumika kunaokoa gesi. Feni haijui kwamba umefunga. Inazidi kusukuma dhidi ya njia finyu, shinikizo linapanda, na hewa inavujia kwenye maungio. Yaache wazi.

Kwenye dari au chini ya sakafu, kagua maungio ya mabomba. Mstari wa vumbi jeusi kando ya ungio ni dalili ya uvujaji. Ziba kwa gundi ya kupaka maalumu ya mabomba ya hewa, au tepu ya karatasi ya alumini. Ile tepu ya kitambaa ya kijivu hukauka ikabanduka.

Hatua ya 5: Kihisi cha moto

Hapa ndipo mtu wa kawaida anaweza kujiokolea gharama ya kumwita fundi. Kihisi ni kijiti chembamba cha chuma chenye kitako cheupe cha kauri, waya mmoja na skrubu moja, kimeingia mahali moto unapopita. Moto hupitisha umeme, na bodi hupima mkondo mdogo sana, wa maikroampea chache, unaopita kutoka kijiti hadi kwenye vichomeo. Kijiti kikishikwa na utando, mkondo unafifia na bodi inaamini hakuna moto, hata kama unawaka mbele ya macho yako.

Umeme na gesi vikiwa vimezimwa, fungua skrubu, chomoa kijiti polepole. Kisugue kwa chuma-sufi laini (nyuzi nyembamba za chuma za kusugulia) hadi kirudi rangi ya chuma, kisha kifute kwa kitambaa kikavu. Usitumie msasa mkali, unaacha mikwaruzo inayokaribisha uchafu. Kirudishe mahali palepale bila kukipinda. Kiwashio kilicho jirani usikiguse kwa vidole: ni dhaifu, na mafuta ya ngozi hukifupishia maisha.

Ukiwasha tena, tazama moto kupitia kidirisha. Uwe wa buluu na uliotulia. Ukiwa wa njano na mlegevu, au ukiyumba pale feni kubwa inapoanza, zima tanuri na uite fundi mwenye leseni. Kuyumba huko kunaweza kuwa dalili ya kibadilishajoto kilichopasuka.

Hatua ya 6: Maji na moshi

Kama bomba lako la moshi ni la plastiki, tanuri hutoa maji. Hakikisha mpira wake haujajikunja na kitego chake (sehemu ya bomba inayobakiza maji kidogo ili moshi usipite) hakijaziba, maana maji yakirudi nyuma swichi ya shinikizo inakataa kuunganisha umeme na hakuna moto. Nje, ondoa theluji, majani na viota kwenye midomo ya mabomba.

Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayoweza kutoka kwenye moto, haina harufu wala rangi. Weka king'ora chake kila ghorofa na karibu na vyumba vya kulala, na usome tarehe ya mwisho wa matumizi iliyoandikwa nyuma, kwani king'ora chenyewe huzeeka.

Hatua ya 7: Pima

Tanuri likishawaka kwa dakika 10 hadi 15, pima joto la hewa inayorudi na la hewa inayotoka, kwenye bomba karibu na tanuri ila si mahali panapotazamana na kibadilishajoto. Toa namba ya kwanza kwenye ya pili. Kibao cha tanuri kinataja kiwango kinachokubalika, kwa mfano nyuzi 35 hadi 65 za Farenhaiti, yaani tofauti ya nyuzi 19 hadi 36 hivi za Selsiasi. Tofauti ikizidi, hewa ni kidogo: rudi kwenye filta na matundu. Ikibaki juu hata filta ikiwa mpya na matundu yote yako wazi, fundi apime shinikizo ndani ya mabomba, akague uchafu kwenye mapanga ya feni na kasi iliyowekwa, kisha athibitishe kwamba shinikizo la gesi halijazidi.