Kiungo cha picha kikifa, usifute jina la mpiga picha

Tovuti za nyumba za wageni hapa Lamu hazikosi picha ya mashua mbele ya Shela, na mara nyingi imetolewa Wikimedia Commons au Flickr, hifadhi za picha mtandaoni, kwa leseni ya Creative Commons, yaani ruhusa ya kutumia picha bure kwa masharti. Miaka ikipita, kiungo kilicho chini yake hufa. Wengi hufuta mstari mzima, na jina la mpiga picha likaenda nao. Hapo ndipo penye kosa. Leseni hizi zikishatolewa hazitanguki: mwenye picha akiifuta kwenye akaunti yake, wewe uliyeichukua kihalali waendelea kuitumia, mradi umtaje.

Bofya kila kiungo mwenyewe. Programu za kukagua viungo hudanganywa na vile vinavyokutupa ukurasa wa mwanzo wa tovuti. Kwao kiungo ni kizima, kumbe picha haipo.

Kilichokufa, nakili anwani yake uibandike kwenye Wayback Machine (web.archive.org), hifadhi ya nakala za kurasa za zamani za mtandao. Chagua nakala ya tarehe iliyo karibu na siku uliyopakua picha, uhakikishe leseni inasomeka humo. Hiyo ndiyo anwani mpya, na ndiyo ushahidi wako. Usiunganishe na tovuti nyingine iliyonakili picha, maana huko jina huwa limeshapotea.

Kwa Commons, soma kumbukumbu ya kufutwa. Ikiwa aliyeipakia hakuwa mwenye picha wala hakuwa na idhini yake, leseni haikuwahi kuwapo: iondoe leo hii. Faili likibadilishwa jina tu, kiungo cha zamani kwa kawaida hukupeleka kwenye jipya.

Mstari kamili huwa hivi:

Mashua, Shela. Picha: (jina la mpiga picha), CC BY-SA 3.0, imepunguzwa kingo. Ukurasa wa asili, nakala iliyohifadhiwa.

“CC BY-SA 3.0”, yaani leseni ya Creative Commons ya kumtaja mwenye kazi na kushiriki kwa leseni ile ile, toleo la 3.0, iunganishe na creativecommons.org/licenses/by-sa/3.0/, na maneno ya mwisho na ile nakala. Anwani ya zamani iache kwenye daftari lako.

Usibadilishe 3.0 iwe 4.0 kwa kudhani ni marekebisho. Toleo la 4.0, la mwaka 2013, hukurudishia haki ukirekebisha kosa ndani ya siku 30 tangu uligundue. Matoleo ya nyuma hayana nafasi hiyo: ukivunja masharti haki hukatika papo hapo, na kuirudisha ni kwa ridhaa ya mwenye picha. Tena hayo hudai na jina la picha, kama mwenyewe aliipa jina. Basi anza na picha za 2.0, ambazo Flickr zimejaa tele, kisha 3.0.