Kusoma uzamili ukiwa kazini: mwongozo kwa maafisa ustawi na maendeleo ya jamii wa Nyanda za Juu Kusini

Afisa ustawi wa jamii anayetaka shahada ya uzamili mara nyingi huanza kwa kuuliza ada ni kiasi gani na chuo kipi kiko karibu. Ninashauri aanzie kabatini, kwenye majalada yake mwenyewe. Shauri linalorudi kila mwezi bila ufumbuzi ndilo litakalompa swali la utafiti ambalo hatalichoka. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mkoani Iringa asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa na udumavu, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30, na huu ni mkoa unaouza mahindi nje ya mipaka yake. Afisa wa Mufindi au Kilolo anayemkuta mtoto aliyedumaa katika nyumba yenye mahindi ya kutosha ana swali tayari mikononi: mama hurudi saa ngapi kutoka shambani, mtoto huachiwa nani, na nani huamua gunia lipi liuzwe?

Swali likishapatikana, kuchagua chuo kunakuwa rahisi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo vya mikoa Mbeya, Iringa, Njombe na Songea, kwa hiyo kinamfaa asiyeweza kuacha kituo chake cha kazi. Chuo Kikuu cha Iringa na Ndaki ya Mbeya ya Chuo Kikuu Mzumbe ni vya kuuliziwa na anayeweza kuhudhuria darasani, na Taasisi ya Ustawi wa Jamii iko Dar es Salaam. Kabla ya kulipa chochote, hakikisha kwamba programu unayoitaka imeidhinishwa na mamlaka husika, na muulize mkuu wa idara kama kuna msimamizi anayelijua eneo lako. Jibu la swali hili la pili lina uzito kuliko umaarufu wa chuo.

Andika barua ya kuomba ruhusa kwa mwajiri mapema, ukieleza jinsi masomo yanavyohusiana na majukumu yako, na uombe jina lako liingizwe katika mpango wa mafunzo wa halmashauri. Usianze masomo kimyakimya kwa kutumaini kwamba cheti kitajitetea baadaye.

Kuhusu muda, fanya hesabu bila kujidanganya. Shahada ya uzamili ina krediti 180, na kila krediti moja ni saa kumi za kazi, yaani saa 1,800. Ukizigawa katika miaka miwili unapata takriban saa 17 kila wiki. Saa hizo zitoke wapi? Chukua kalenda, futa msimu wa kuandaa bajeti, wiki zinazotangulia Siku ya Mtoto wa Afrika tarehe 16 Juni, na siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia zinazoanza tarehe 25 Novemba, kisha panga mitihani na uwasilishaji wa andiko lako katika nafasi zinazobaki.

Jambo gumu kuliko yote ni kukusanya taarifa kwa watu wanaokufahamu kama afisa. Katika mahojiano yangu ya kwanza nilimwita mama mmoja ofisini, akakaa kwenye kiti kilekile alichokalia wiki tatu nyuma alipoleta shauri la matunzo ya mtoto. Nilianza kumsomea fomu ya ridhaa, na kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza alikuwa ameshaomba kalamu. Baada ya kutia saini aliniuliza kama sasa baba wa mtoto ataitwa. Niliyafuta mahojiano yale yote, kwa sababu ridhaa ya mtu anayeamini kwamba haki ya mwanawe inategemea jibu lake si ridhaa.

Tangu hapo ninawaambia wenzangu wasimhoji kamwe mtu mwenye shauri lililo wazi mezani kwao. Tafuta washiriki katika kata usizozihudumia, au mwombe mwenzako wa halmashauri nyingine akukutanishe nao. Fanya mahojiano nyumbani kwa mshiriki au mahali anapopachagua yeye, na mweleze kwa lugha anayoielewa vizuri, iwe Kihehe, Kibena au Kinyakyusa, kwamba akikataa hakuna huduma atakayoikosa. Ukitaka kutumia majalada, omba kibali cha maandishi, kwani ufunguo wa kabati ulipewa kwa ajili ya huduma na haukuruhusu utafiti. Ondoa majina, ukoo na kijiji. Huku kwetu, kutaja tu mjane mwenye mapacha katika kitongoji fulani kunatosha kumtambulisha.

Barua ya chuo ya kuomba kibali hupelekwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilayani na kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, hadi kwa mtendaji wa kijiji. Beba nakala za kutosha, na ipitishe barua hiyo hata kama viongozi hao unakutana nao kila siku vikaoni. Tasnifu ikikamilika, omba nafasi katika mkutano wa kijiji uwasomee matokeo wale waliokupa muda wao, kabla hujapeleka nakala maktaba.