Kabla hujapanda Kedarnath: kubalianeni mkiwa bado nyumbani

Ya kuambiwa mara moja niyamalize kwanza.

Hekalu la Kedarnath, la mungu Shiva, kwenye milima ya Himalaya huko India, haliko wazi mwaka mzima. Milango hufunguliwa kati ya mwisho wa Aprili na Mei, tarehe yenyewe hutangazwa siku ya Mahashivratri, sikukuu ya Shiva, na hufungwa siku ya Bhai Dooj, sikukuu ya kaka na dada, Diwali ikishapita. Usikate tiketi ya ndege kabla tarehe haijatoka. Julai na Agosti kaa nyumbani. Ni miezi ya mvua kubwa na mlima unaporomoka. Tarehe 31 Julai 2024 mvua iliikata njia ya miguu na maelfu ya mahujaji wakakwama huko juu. Yaliyotokea Juni 2013, ziwa la Chorabari lilipopasuka na kituo kizima cha Rambara kikasombwa, kila mwenye ndugu Gujarat ameshayasikia.

Cheti cha homa ya manjano kiwe ndani ya pasipoti, na chanjo iwe imetimiza siku 10 kabla hujaingia India. Usajili wa yatra, yaani hija yenyewe, katika serikali ya jimbo la Uttarakhand ni lazima. Chapisha karatasi yake, maana simu huzimika kwa baridi. Tiketi za helikopta kutoka Phata, Sersi na Guptkashi zinauzwa kwenye tovuti rasmi ya IRCTC, shirika la tiketi za reli la India, basi. Anayekutumia namba ya malipo kwa WhatsApp ni mwizi, hata kama ana picha ya Bholenath, Shiva mwenyewe. Na helikopta yenyewe haipai ukungu ukishuka, kwa hiyo usipange ndege ya kurudi Dar kesho yake.

Kule hata muuza chai analipwa kwa simu, ila mfumo wao kwa kawaida unataka akaunti ya benki ya India. Toa rupia Rishikesh, omba noti ndogondogo. Koti la mvua, sweta, glovu, raba zilizokwisha kuvaliwa. Soksi nzito beba jozi ya ziada, kwa sababu viatu vinabaki nje na utasimama foleni juu ya mawe yenye baridi ya kukata vidole. Mkanda na pochi ya ngozi acha nyumbani.

Njiani, ukisikia kengele za nyumbu, egemea upande wa mlima. Usisimame ukingoni! Mnyama hana nia mbaya, lakini mtungi wa gesi uliofungwa ubavuni mwake utakusukuma na mwenye nyumbu hata hatageuka.

Sasa urefu. Hapa ndipo watu wa pwani tunapoumia. Kedarnath iko mita 3,583. Kwa waliopanda Kilimanjaro, hapo ni karibu sawa na kambi ya Horombo, ambako waongozaji wengi hukulaza siku ya ziada ili mwili uzoee. Hujaji wetu anatoka Haridwar, mita 300 na kidogo, anapigwa na barabara siku nzima, kesho yake anapakizwa juu ya farasi Gaurikund, njia ya miguu inapoanzia, na jioni yuko hekaluni. Wa helikopta ndiyo zaidi, dakika chache tu.

Shangazi yangu alipanda akiwa amefunga. Hataki maji, hataki chai, mpaka apate darshan, yaani amwone mungu hekaluni. Alipofika foleni ilikuwa imezunguka hekalu, akasimama humohumo, akapata darshan yake, akalala bila kula. Kichwa kikaanza. Akasema ni uchovu. Akatapika, akasema ni harufu ya mafuta ya taa. Saa nane usiku aliamka kwenda msalani, akawa anayumba kama mlevi, mkono ukitafuta ukuta usiokuwepo. Kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni kikasoma 64.

Kila mtu chumbani alijua huo ni ugonjwa wa urefu na dawa ni kushuka. Ugomvi ukawa ni nani ashuke naye. Baba mdogo alikuwa hajapata darshan na ana nadhiri ya miaka. Mkwe ana mtoto mgonjwa mgonjwa. Kijana anayejua Kihindi sawasawa ndiye aliyeshika fedha za kundi zima. Shangazi mwenyewe anasema, "Niacheni hapa, mkirudi kutoka hekaluni mtanikuta mzima." Watu wazima, wenye heshima zao, wakarushiana maneno kwenye baridi ile mpaka mwenye nyumba akaja kugonga mlango. Ni yeye aliyesema apelekwe zahanati. Aliwekwa oksijeni, daktari akaamuru kukikucha tu ashushwe. Alishushwa kwa machela, wapagazi wanne, na kufika Gaurikund alikuwa anadai chai yenye tangawizi na kumsema mpagazi wa mbele kwamba anakwenda mbio. Mzima. Ila baba mdogo na mkwe hawakusemezana mpaka Delhi.

Kwa hiyo kaeni kikao kabla ya safari, sebuleni, wazee wakiwepo. Kila mzee apewe mtu wake wa kushuka naye, jina liandikwe, na mtu huyo akubali mbele ya wote kwamba darshan yake inaweza kukatika. Kila mmoja abebe pasipoti yake na fedha ya kumtosha kushuka peke yake. Na mzee naye akubali kuwa akisema kichwa kinamuuma hana ruhusa ya kukataa kushushwa. Ya kufunga, aongee na pandit wake, kuhani wa Kihindu, mapema. Sijaona anayemkataza mgonjwa maji.

Pandeni taratibu. Laleni Guptkashi, kisha nendeni Chopta mkapande Tungnath, mita 3,680, mrudi kulala chini siku hiyohiyo. Nayo ni moja ya Panch Kedar, mahekalu matano ya Shiva, hampotezi kitu. Dawa ya Diamox, ya kuzuia ugonjwa wa urefu, muulizeni daktari, hasa mwenye mzio wa dawa za salfa. Mwenye moyo mbovu asipande kabisa: majira ya baridi ibada ya Kedarnath huhamia hekalu la Omkareshwar, Ukhimath, kwenye kimo cha chini na gari linafika. Badrinath pia gari linafika, ila nako ni zaidi ya mita 3,000, asijidanganye.

Dawa za presha na sukari zikae mkoba wa mkononi, msizitie kwenye mzigo wa nyumbu. Mpagazi mpatane bei kwenye kaunta rasmi na karatasi muichukue. Mandakini msiingie kuoga, mto una kasi kuliko unavyoonekana. Msitembee usiku. Mvua ikianza, sikilizeni polisi wakisema simameni, hata kama mbele mnaona watu wanaendelea.