Kulaza leso sawasawa kwenye mhusika wa gemu

Leso ina pindo, mji na jina, kwa hivyo kosa dogo la ramani ya UV (mchoro bapa unaoonyesha picha itakaa wapi juu ya umbo la 3D) huonekana upesi kuliko kwenye kitambaa cha rangi moja. Mchezaji wa Mombasa ataliona kabla hata mhusika hajapiga hatua.

Tandaza leso sakafuni, ipige picha kutoka juu, kisha nyoosha pembe nne za picha.

Katika Blender, programu ya kuunda maumbo ya 3D, chagua nguo ya mhusika ukiwa Object Mode, bonyeza Ctrl+A, chagua Scale. Ukiruka hapo, maua yatavutika upande mmoja. Ingia Edit Mode, weka mshono (mstari ambapo ramani hukatwa) mmoja tu, pale ncha za leso zinapokutana, kisha chagua nguo yote, bonyeza U na uchague Unwrap ili ikunjuke.

Sasa tazama pindo la chini. Kwa kuwa kiuno ni chembamba kuliko pindo, nguo hukunjuka kama upinde, na jina nalo hupinda kama tabasamu. Nyoosha kipande kimoja cha pembe nne kiwe mstatili, kifanye ndicho kilichochaguliwa mwisho, kisha tumia Follow Active Quads, inayopanga vipande vingine kwa kukifuata hicho. Maua yatabanana kidogo kiunoni; yaache, ndivyo leso inavyojikusanya ikifungwa.

Jaribu kwanza kwa Color Grid, picha ya majaribio ya Blender yenye miraba na herufi: herufi zikisomeka kinyume, ramani imegeuka. Mara nyingi chanzo ni Mirror, kirekebishi kinachonakili nusu ya umbo upande wa pili, nusu mbili zikitumia sehemu moja ya picha. Ithibitishe Mirror kwa Apply, ndipo ukunjue upya.

Mstari mweupe ukitokea mshononi mhusika akiwa mbali, tandaza rangi ya picha pikseli 16 nje ya ukingo wa ramani, kwa picha ya pikseli 2048 kila upande.