Somo: Kupunguza makosa kwenye orodha ya mishahara nchini Uganda

Makosa mengi ya mshahara hayaanzii kwa mhasibu. Yanaanza pale saa za ziada zinapotumwa kwa ujumbe wa simu, au barua ya kuacha kazi inapolala mezani hadi mshahara umeshalipwa. Kuongeza mkaguzi mwishoni hakusaidii sana: anakuta hesabu iko sawa, kumbe namba iliyoingizwa ndiyo mbovu.

1. Kubalianeni kosa ni nini. Chukua hili: marekebisho yoyote baada ya orodha kupitishwa, hata ya shilingi 500.

2. Orodhesha makosa ya miezi mitatu iliyopita: tarehe, aina, kiasi, taarifa ilitoka wapi, nani aligundua. Jina la aliyekosea usiliandike, maana mwezi ujao watu wataficha. Shughulikia aina mbili zinazojirudia zaidi, nyingine zisubiri.

3. Uliza "kwa nini" hadi ufike kwenye utaratibu. Saa za ziada zimelipwa pungufu. Kwa nini? Fomu ilifika tarehe 27, orodha ilifungwa 25. Kwa nini ilichelewa? Ilisubiri sahihi ya meneja aliyekuwa safarini. Basi dawa ni kuteua mtu wa pili wa kutia sahihi. Kumkaripia msimamizi hakutabadilisha kitu.

4. Zuia kosa mlangoni. Kwenye Excel, weka sharti: TIN (namba ya mlipakodi) tarakimu 10, NIN (namba ya utambulisho wa taifa) herufi na tarakimu 14. Safu ya namba za simu iwe ya maandishi kabla hujajaza, la sivyo sifuri ya mwanzo inapotea na malipo ya simu yanakwama. Viwango vyote vikae kwenye karatasi moja, fomula zivisome hapo: NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) asilimia 5 ya mfanyakazi na 10 ya mwajiri, saa ya ziada mara 1.5, sikukuu ya kitaifa mara 2. Anayeandika kiwango ndani ya fomula anajitafutia kazi.

5. Linganisha na mwezi uliopita, mtu kwa mtu. Kila tofauti iwe na hati inayoieleza.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, mshahara wa 800,000 tunatoa NSSF kwanza, kisha PAYE (kodi ya mshahara). Mbona hatulingani na URA (mamlaka ya mapato)?

Zote mbili hupigwa kwenye mshahara ghafi, yaani kabla ya makato. Mkitoa 40,000 ya NSSF kwanza, kwenye daraja la asilimia 30 mnapunguza kodi kwa 12,000 kila mwezi, na deni hilo litamrudia mwajiri.

Kila Julai mshahara unashuka, watu wanakuja juu. Ni kosa?

Hapana, ni kodi ya huduma ya mitaa, inakatwa Julai hadi Oktoba. Kosa ni ikiendelea Novemba. Fomula iangalie mwezi.

Tuko watu wanne tu. Kuna haja?

Ipo. Tangu marekebisho ya sheria ya 2022, NSSF inamhusu kila mwajiri, hata wa mfanyakazi mmoja. Daftari la mistari linatosha. Ila fungeni orodha mapema: NSSF na PAYE zinatakiwa kufika tarehe 15 ya mwezi unaofuata.