Kufundisha tamathali za semi kwa watoto wa gredi ya nne: anza na sauti

Walimu wenzangu wa Pwani na nyinyi wazazi mnaosomesha watoto nyumbani, tafadhalini msianze kwa kuandika ubaoni maana ya tashbihi, yaani kulinganisha kitu na kingine kwa "kama". Mtoto ataikariri, kwa mtihani ataitema vile vile, halafu kwa insha yake hutaiona. Anza na tanakali za sauti, maneno yanayoiga mlio wa kitu, manake hizo anazisikia kwa masikio yake. Leta ndoo ya maji, karai la mchanga na jiwe. Dondosha jiwe majini, waulize limelia vipi, chubwi! Mchangani, tifu! Sakafuni, pu! Watacheka, waache wacheke, na mmoja akibuni sauti yake usimkatize, iandike.

Hapo ingia tashbihi. Vitabuni kuna mweupe kama theluji na mtoto wa Kongowea, Mombasa, theluji hajaiona, yeye anajua tui la nazi, basi aseme mweupe kama tui. Kila akisema kitu muulize, vimefanana wapi? Mtoto akisema "Ali anakimbia kama tuktuk" mwingine atabisha kwamba tuktuk haina mbio, inajua kupenya tu, na hapo ndo somo lenyewe lilipo kwa hivyo usiwaharakishe, waache wabishane. Wakishaelewana futa "anakimbia kama", weka "ni". Ali ni tuktuk. Sitiari hiyo.

Kwa tashihisi, yaani kukipa kitu matendo ya kiumbe hai, tumia feri ya Likoni: asubuhi inameza watu na magari, ikifika ng'ambo inawatapika wote. Feri ina mdomo? Ina tumbo? Kisha wape bahari ya wakati wa upepo wa kusi, wao waseme imekasirikia nani.

Nahau na methali mi naziacha mwisho, maana yake haionekani kwa macho. Waambie kila mtu aje na maneno yaliyoandikwa kwenye leso (kanga) moja ya kwao, amuulize mamake au nyanyake kwa nini alichagua hiyo akaacha nyingine dukani. Majibu watakayorudi nayo yanafundisha kuliko daftari zima.

Kitu kimoja sikitaki kabisa, tashbihi za mwili wa mwenzao. Mnene kama nini, mweusi kama nini, yanageuka majina ya uwanjani na mtoto anaumia mwaka mzima. Walinganishe mwendo, chakula, jua, mvua.

Kwa insha moja, tamathali mbili tatu zatosha. Akijaza kumi mwambie asome kwa sauti, abakishe zile ambazo angemwambia rafikiye.